Saa Sita ya Wapi?

Vijana mnaotengeneza tovuti, kabla hamjanisoma fanyeni kitu kimoja. Uchukueni ule ukurasa mnaojivunia, tokeni nao nje mchana jua likiwa utosini, mkaufungue kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na bando linalokaribia kukata. Mkiweza kuusoma, rudini ndani tuendelee. Msipoweza, rudini pia, ila mrudi kimyakimya.

Mimi nilifundishwa hivyo, na sioni sababu ya ninyi kufundishwa kwa upole kuliko mimi. Nimefanya kazi ya kurasa za simu mpaka macho na mgongo vilipogoma. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la steshenari pale Tunduma, mpakani na Zambia, nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi na za kuomba msamaha. Intaneti ilipofika mtaani kwetu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kugombana nayo. Leo nimestaafu, nakaa Vwawa, nalima parachichi na kuwagombeza wajukuu. Watu bado wananiita Mama Tovuti. Jina hilo sikulipenda, lakini hakuna aliyeniuliza.

Aliyenifundisha aliitwa Alinani, fundi simu mwenye kibanda jirani na duka letu. Alikuwa na simu moja ya tachi iliyochoka, kioo kimepasuka kona hadi kona, betri imefungwa kwa mpira wa nywele. Aliiita Mkaguzi. Ukurasa wowote nilioutengeneza ulipita kwanza kwa Mkaguzi. Wa kwanza kabisa ulikuwa wa nyumba moja ya wageni, nao nilikuwa nimeupamba kwa picha ya kitanda, kubwa, na kila ua la shuka unaweza kulihesabu. Fundi Alinani akaufungua, akaiweka simu mezani, akaagiza chipsi mayai. Akala. Akanawa. Akaitazama simu tena.

"Mama, mimi nimemaliza kula," akasema. "Kitanda bado kiko njiani."

Nilikasirika mpaka nikamnyima salamu siku nzima. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Lakini usiku ule niliikata ile picha, nikaipunguza, nikaikamua, na kesho yake Mkaguzi akaifungua kabla fundi hajavuta kiti. Tangu siku hiyo nikawa adui wa picha kubwa. Mteja akiniletea picha, namuuliza kwanza inafanya kazi gani hapo.

Somo la vidole nililipata Igamba. Tulikuwa tumewatengenezea wakulima wa kahawa ukurasa wa kuangalia bei, nikaenda mwenyewe kuwaonyesha. Mzee mmoja alibonyeza kitufe changu, hakikubali. Akabonyeza tena. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekomaa kwa jembe na kahawa, simu haikumtambua kama mtu. Na kitufe chenyewe kilikuwa kidogo, nilikipima kwa kidole changu cha mpiga chapa. Mwisho mzee aliinama akabonyeza kwa pua, ukurasa ukafunguka, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, ila nilivyorudi nilikipanua kile kitufe mpaka Fundi Alinani akaniuliza kama nimetengeneza kitufe au mlango.

Kulikuwa na jambo lingine la miaka ile ambalo nalitaja hapa nisije nikalisahau. Kurasa zetu tulizifunga zisikuzwe kwa vidole. Mtu akivuta maandishi yawe makubwa, mpangilio unavurugika, kitufe kinakimbilia pembeni, menyu inapotea. Kwa hiyo tukaweka maneno mawili matatu kwenye msimbo, yale maagizo ya nyuma ya ukurasa, nao ukurasa unatulia palepale hata uuvute vipi. Hata Mkaguzi hakulalamika. Nilijiona msafi wa kazi.

Sasa nije kwenye siku ninayotaka kuwasimulia.

Kulikuwa na hospitali moja ya misheni upande wa Mbozi, sitaitaja. Madaktari wa macho kutoka mbali walikuja pale mara mojamoja, wakafanya upasuaji siku chache, wakaondoka. Safari ile walikuja kwa ajili ya watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho. Daktari mmoja alinieleza kwa lugha rahisi: jicho la mtoto bado linajifunza kuona. Likikaa gizani muda mrefu, hata ukija kuliondoa lile wingu, jicho linakuwa limeshasahau kazi yake. Kwa hiyo kusubiri msimu mwingine lilikuwa jambo zito, na wazazi walilijua hilo kuliko sisi.

Nafasi zilikuwa chache. Safari zilizopita kuna wazazi walioandikishwa halafu hawakutokea, na watoto wengine wakarudishwa nyumbani huku vitanda viko wazi. Safari hii wageni wakaweka utaratibu. Siku moja kabla ya upasuaji, kila mzazi athibitishe kwa simu yake mwenyewe, kwa namba ya siri aliyotumiwa, kabla ya saa sita mchana. Asiyethibitisha, nafasi yake inakwenda yenyewe kwa mtoto anayefuata kwenye foleni ya akiba. Mlango huo wa saa sita ulikuwa kwenye kompyuta ya wageni, hatukuwa na ufunguo wake. Kazi yetu ilikuwa ukurasa tu, ule ambao mzazi angeuona kwenye simu.

Na ukurasa ule niliupenda, nawaambia ukweli. Ulikuwa mwepesi. Tena niliufanya ujihifadhi ndani ya simu ukishafunguliwa mara moja, ili mzazi wa bondeni Momba akiufungua tena usimlie bando. Katikati kitufe cha kijani kikubwa: NITAMLETA. Juu yake saa inayohesabu kurudi nyuma, kuonyesha muda uliobaki. Wazo la saa lilikuwa la katibu wa hospitali, bwana mmoja nadhifu wa tai kila siku, na mimi nilikubali mara moja kwa sababu ilipendeza.

Katibu huyo huyo alinilazimisha niweke picha ya geti la hospitali, yeye mwenyewe akiwa amesimama katikati. Tuligombana. Akashinda, maana yeye ndiye mwenye hospitali.

Asubuhi ya siku ya kuthibitisha nilikuwa ofisini kwake na kompyuta yangu. Kwenye kioo nilikuwa na majina ya watoto. Mzazi akibonyeza, jina linageuka kutoka kijivu kuwa kijani. Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa mkulima wa kahawa kutoka Hasamba, Baba Sekela, amempakata binti yake. Sekela alikuwa mdogo, hata shule hajaanza. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, la kulia lilikuwa linafuata. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya akiba. Yaani mmoja tu asipothibitisha, nafasi ni ya Sekela. Baba yake alikuwa amekuja na begi la nguo na blanketi, tayari kulala hospitali.

Majina ya Igamba yakaanza kuwa kijani. Ya Hasamba yakafuata, na ya Vwawa. Nikashangilia kimoyomoyo. Lakini kadiri saa zilivyosogea nikaona kitu kimenikaa vibaya. Majina yote ya Tunduma na Momba yalikuwa bado kijivu. Yote. Hata moja halijageuka.

"Labda wamebadili mawazo," akasema Katibu.

"Wote? Kwa pamoja?"

"Hawa watu wa mpakani, Mama, biashara kwanza."

Mimi mtu wa Tunduma, nimezaliwa Tunduma. Nikamwambia tatizo ni picha yake. Mtandao wa kule asubuhi unazidiwa, watu ni wengi, geti lake limekwama hewani na yeye katikati. Akakataa. Nikamwambia achague, picha au watoto. Akainamia makaratasi yake, nikaiondoa.

Tukasubiri. Hakuna kilichobadilika. Saa ya ukutani ilikuwa inasogelea saa sita. Kila nilipopumua kwa nguvu Baba Sekela aliinua kichwa, akanitazama, halafu akageukia dirishani haraka. Nilimwelewa. Alikuwa anaomba kitu ambacho hakutaka nikione usoni mwake.

Nikampigia mdogo wangu Eliza, ambaye anauza mchele na maharage pale mpakani, Watanzania na Wazambia wote wateja wake. Nilimtumia kiungo cha ukurasa, nikamwambia afungue aniambie anaona nini.

"Umefunguka," akasema. "Tena haraka. Kitufe hiki hapa kikubwa."

"Saa inasemaje?"

"Inasema imebaki saa moja na dakika kidogo."

"Eliza, acha utani. Zimebaki dakika, saa moja imetoka wapi? Mwisho ni saa sita!"

"Wewe, usinipigie kelele. Saa sita ya wapi?"

Nilishusha simu.

Kwa msiozaliwa pale niwaeleze. Ukivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Sisi tukiwa saa sita, wao wako saa tano. Kwa hiyo mtu wa Tunduma ukimwambia tukutane saa nne, hakujibu ndiyo wala hapana, anakuuliza kwanza: ya wapi? Mama yetu alivusha ndizi ng'ambo maisha yake yote, na swali hilo aliliuliza hata kanisani mchungaji akitangaza ibada. Tulimcheka. Nimekua nalo sikioni hilo neno kabla sijajua kusoma.

Na simu za Tunduma ndivyo zilivyo. Nyingi zina laini mbili, ya huku na ya ng'ambo, na simu ikishika mnara wa Zambia inajirekebisha saa yenyewe bila kukuuliza. Sisi tulipoandika kwenye msimbo kwamba mlango unafungwa saa sita, hatukuandika ya wapi. Simu ikajaza yenyewe. Simu ya Igamba ikajaza ya Tanzania. Simu ya Tunduma na ya Momba, mpakani pia, ikajaza ya Zambia, ikamwambia mzazi kwa upole kabisa kwamba bado ana saa nzima. Wazazi wale hawakuwa wamepuuza chochote. Walikuwa wameuamini ukurasa wangu, wakamaliza kwanza shughuli za asubuhi.

Niliirekebisha ile saa nikiwa nimesimama, hata kiti sikukivuta. Nikaituma. Halafu nikakumbuka, na hapo ndipo nilipokaa chini. Ukurasa ulikuwa umejihifadhi ndani ya simu zao. Wepesi ule niliojivunia, wa kutomlia mtu bando, ulikuwa na maana kwamba simu haitaomba ukurasa mpya mpaka kesho. Ningeweza kurekebisha mpaka jioni, wao wangeendelea kuiona saa ileile ya uongo.

"Piga simu," nikamwambia Katibu. "Gawanya majina. Wewe juu, mimi chini. Usisalimie."

Katibu aliwahi kunichosha, lakini siku ile alivua tai akapiga simu kama mtu anayezima moto. Nilikuwa namsikia: "Bonyeza sasa hivi. Sasa hivi mama, achana na saa inayosema hapo! Ya Tanzania, ya Tanzania!" Mimi upande wangu nilimpata dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye foleni ya forodha, akaniambia subiri nimalize na ofisa, nikamtukana. Nasikitika, lakini alibonyeza. Majina yakaanza kugeuka. Moja, halafu mawili kwa pamoja, halafu mengine. Katibu akawa anapiga ngumi mezani kwa furaha kila moja lilipobadilika.

Likabaki jina moja. Masanja, wa bondeni Momba, familia ya wafugaji. Mama yake alikuwa ameandikisha kwamba siku hiyo atakuwa Chapwa, mtaa wa Tunduma, nyumbani kwa shemeji yake, kwa sababu kwao mtandao hakuna.

Nikapiga. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Katibu akawapigia wageni kuwaomba wasogeze muda, wakamjibu kwamba orodha inajituma yenyewe na gari la vifaa linapakia kwa orodha hiyo. Nikampigia Eliza. Akasema anaacha duka, anapanda bodaboda kwenda Chapwa, lakini Chapwa ni kubwa, shemeji gani, nyumba ipi? Hilo kwenye orodha halikuwemo. Nilijua kilichokuwa kimetokea kana kwamba nilikuwepo. Mama Masanja alitaka kubonyeza kwa utulivu, akaona amebakiwa na saa nzima, akazima simu ili chaji isimwishie kabla ya wakati.

"Nani ana mtu Chapwa?" nilipiga kelele pale ofisini, kelele ya bure, maana ofisini tulikuwa wawili. "Mtu yeyote! Nani ana mtu Chapwa?"

Baba Sekela alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala begani kwake.

"Huyo mama," akasema taratibu, "anajua kwamba amechelewa?"

"Hajui. Simu inamdanganya. Anafikiri bado ana saa nzima."

Alimpandisha mtoto vizuri begani. Nilitaka kumwambia aondoke mlangoni, kila nukta ilikuwa na thamani. Namshukuru Mungu sikusema.

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi naomba mtu mmoja aiache nafasi," akasema. "Sasa huyu hajaiacha."

"Hajaiacha, Baba Sekela."

"Mdogo wangu Yona yuko Tunduma. Anaendesha gari la matangazo, lile la spika. Leo anatangaza magodoro." Akatoa simu yake ya kitochi mfukoni, akanipa. "Mpigie. Mwambie nimesema mimi."

Katibu alimtazama, akanitazama mimi. Nikapiga.

Yona alipokea huku muziki unapiga nyuma yake. Alikuwa Chapwa, nusu ya muujiza ilikuwa imeshatendeka. Nikamweleza kwa maneno machache, na huyo kijana akaelewa upesi kuliko sisi wote, kwa sababu anaishi Tunduma. Hakukata simu. Nikasikia muziki umezimwa, na sauti yake inatoka kwenye spika mpaka simu inakoroma:

"Magodoro tumeyaacha kidogo! Mama Masanja wa Momba, popote ulipo hapa Chapwa, washa simu! Bonyeza kitufe cha hospitali sasa hivi! Saa sita ni ya Tanzania, narudia, ya Tanzania, siyo ya Zambia! Jirani unayemjua Mama Masanja, mkimbilie! Washa simu, Mama Masanja!"

Akarudia. Gari linatembea, anarudia. Nilisikia watoto wanalikimbilia, nikasikia mwanamke anauliza kuna nini, mwingine anamjibu kwamba kuna mtu anatafutwa na hospitali. Kwenye kioo changu jina la Masanja lilikuwa kijivu. Mshale wa saa ya ukutani sikuutazama tena, nilimwachia Katibu autazame, naye alikuwa anautazama mdomo wazi. Baba Sekela alibaki palepale mlangoni. Alikuwa anambembeleza mtoto aliyekwisha kulala.

Kisha Yona akapiga kelele bila spika: "Ametoka! Kuna mama ametoka mbio uani, anawasha simu!"

Mnajua simu ya bei ya chini inachukua muda gani kuwaka? Nimetengeneza kurasa kwa miaka mingi ili zifunguke haraka, lakini kuwaka kwa simu sikuwa na uwezo nako. Nembo ya kampuni inazunguka, muziki wa kukukaribisha unalia, halafu inatafuta mnara, na wakati huo wote mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya Katibu. Nilimsikia Yona anasema, "Fungua ukurasa, mama. Achana na hiyo saa. Bonyeza."

Jina likageuka kijani.

Sikumbuki nani alipiga kelele, nadhani ni mimi. Katibu aliketi sakafuni na suruali yake iliyonyooka pasi. Baada ya muda mfupi sana ile orodha ikajituma yenyewe, na kwenye foleni ya akiba, mahali pa kwanza, liliendelea kusomeka jina la Sekela.

"Amebonyeza?" akauliza baba yake.

"Amebonyeza."

Akachukua simu yake kutoka mezani, akachukua begi na blanketi. Nilisimama nimwambie kitu, chochote, nikaona machozi yananitangulia. Niliona aibu mbele yake, na uchungu pia, maana mtoto mwingine alikuwa amepata nafasi yake na mimi nilikuwa sina furaha ya kutosha.

"Twende nyumbani, Sekela," akamwambia mtoto, akaondoka naye.

Masanja alifanyiwa upasuaji. Sekela alisubiri. Wageni walichelewa kurudi, na waliporudi yeye alikuwa wa kwanza kuitwa, Katibu alisimamia hilo kwa jino na ukucha. Jicho la kulia lilipona. La kushoto walilisafisha vizuri tu, lakini lilikuwa limeshasahau. Sitawapambia hadithi, ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda Hasamba kumwona, nikabeba sukari na kitenge cha mama yake, nikakaa nao sebuleni. Baba Sekela alinionyesha mibuni yake badala ya kunilaumu.

Toka hapo, kwenye kila ukurasa niliotengeneza, palipo na saa niliandika ya wapi. Saa tatu asubuhi, saa za Tanzania. Wateja walilalamika. Kioo cha simu ni kidogo, Mama Tovuti, maneno hayo yanajaza, kila mtu anajua tuko Tanzania. Niliwajibu kwamba mtu anajua, simu haijui. Wakishikilia sana niliwaambia tukate picha yao tupate nafasi, wakakubali.

Miaka ikapita. Mwaka niliokuwa najiandaa kustaafu, Baba Sekela alinipigia. Hakuwa na kawaida ya kunipigia. Sekela alikuwa amekuwa binti mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, miwani minene, anasoma kwa kusogeza simu karibu na jicho moja. Hospitali ileile ilikuwa imemtumia kiungo cha kliniki ya kila mwaka.

"Mama Tovuti, huu ukurasa ni wako?"

"Ni wangu."

"Mtoto anavuta kwa vidole maandishi yawe makubwa. Hayavutiki. Anasema hata abane vipi, yamebaki palepale."

Maneno yale mawili matatu niliyowatajia mwanzoni. Usafi wangu wa kazi. Nilikuwa nimeyaacha kwenye ukurasa wa hospitali ya macho, jamani, ya macho, miaka yote hiyo. Sikukata simu. Niliwasha kompyuta nikiwa nimeibana simu begani, nikayatafuta, nikayafuta, nikatuma. Safari hii nilihakikisha kwanza kwamba simu yake itaomba ukurasa mpya.

"Mwambie aufunge aufungue tena," nikasema. "Avute."

Nilisikia kuku wa Hasamba na mtu anatwanga mahali fulani.

"Anasoma?" nikauliza.

"Ngoja kidogo."

Halafu nikamsikia mwenyewe, mbali kidogo na simu, anasoma neno kwa neno kama wasomavyo watu wanaoshika simu karibu na uso: "Fika kliniki... saa nne asubuhi... saa za Tanzania."

Akacheka, akamuuliza baba yake kwani kuna saa nyingine za wapi.